Vitamini A na Ubongo wa Mzee: Kweli au Uongo?

Muuza virutubisho hakosekani kwenye foleni ya kliniki ya wazee. Ana mkoba, ana kipeperushi chenye picha ya ubongo, na ana sentensi moja anayoirudia mpaka waliokaa kwenye benchi waizoee: mzee akianza kusahau, ujue vitamini zimemwishia. Ukimuuliza ni vitamini gani, mara nyingi ataanza na A, kwa sababu hiyo haihitaji kutambulishwa. Kila mama aliyewahi kupeleka mtoto kliniki anaijua.

Madai yake hayalingani uzito. Machache ni kweli tupu. Mengi yalianza na ukweli yakatiwa chumvi njiani, na mawili matatu yanaweza kumfikisha mzee hospitali. Niseme mapema ninaposimama: ubongo hauwezi kufanya kazi sawasawa bila vitamini A, lakini kumwongezea mzee asiyepungukiwa hakujaonekana kumrudishia kumbukumbu, na kuna kipimo ambacho akikipita, ubongo huo huo ndio unaoumia.

"Ubongo unahitaji vitamini A"

Kweli, bila ubishi.

Mwaka 1913, huko Wisconsin, Marekani, Elmer McCollum na Marguerite Davis walikuwa wakiwalisha panya vyakula vilivyochujwa. Panya waliopewa mafuta ya nguruwe au ya zeituni walidumaa. Waliopewa mafuta ya siagi au ya kiini cha yai waliendelea kukua. Kile kilichokuwamo ndani ya siagi ndicho baadaye kikaitwa vitamini A. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa vitamini ya macho, na George Wald alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa kazi yake iliyoeleza inavyotumika ndani ya jicho.

Kwenye ubongo kazi yake haionekani kwa urahisi hivyo. Mwili hugeuza sehemu ya vitamini A kuwa asidi ya retinoiki, ambayo huingia hadi ndani ya kiini cha seli na kuamua jeni zipi zifanye kazi na zipi zitulie. Amri hizo hufika pia kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo ambako mambo mapya hupokelewa kabla ya kuwa kumbukumbu ya kudumu. Panya walionyimwa vitamini A kwa muda mrefu walishindwa kujifunza mambo ambayo wenzao waliyashika upesi, na miunganisho ya seli zao za neva haikuimarika inavyotakiwa. Waliporudishiwa vitamini hiyo, uwezo nao ulirudi.

Muuzaji huishia hapo. Lakini panya hao walikuwa wamenyimwa makusudi hadi akiba yao ikaisha. Majaribio ya namna hiyo yanaonyesha madhara ya kukosa kabisa. Hayasemi kwamba mwenye cha kutosha akiongezewa atakumbuka zaidi.

"Mzee anayesahau amepungukiwa na vitamini A"

Mara nyingi si kweli, na hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo biashara yote ilipojengwa.

Vitamini A haiingii mwilini ikatoka siku hiyo hiyo. Ini ndilo ghala lake, na mtu mzima aliyekuwa akila vizuri huwa na akiba ya miezi mingi. Mahitaji yenyewe si makubwa. Marekani hupendekeza mikrogramu 900 kwa siku kwa mwanamume na 700 kwa mwanamke. FAO na Shirika la Afya Duniani, WHO, waliweka 600 kwa mtu aliyevuka miaka 65. Kiazi lishe kimoja cha wastani, kile chenye nyama ya rangi ya chungwa, kinaweza kukidhi siku nzima. Kenya na Tanzania pia zinawataka watengenezaji wa mafuta ya kula wayaongezee vitamini A, kwa hiyo hata bibi anayeungiwa maharage kwa mafuta ya dukani anapata sehemu yake bila kujua.

Uzee nao hauifungii vitamini hii mlango. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Boston waliwapa vijana na wazee vitamini A, kisha wakafuatilia damu zao kwa saa kadhaa. Kwa wazee ilikawia zaidi kuondoka kwenye damu. Dozi ile ile, kwa maneno mengine, humkaa mzee muda mrefu kuliko mjukuu wake.

Wapo wazee wanaopungukiwa kweli: wenye ini lililoharibika, wenye maradhi ya kongosho au njia za nyongo, wale ambao utumbo wao haufyonzi mafuta, na waliopitia njaa ya muda mrefu. Lakini hao dalili yao ya kwanza ni macho. Hushindwa kuona magharibi ikiingia, hujikwaa kwenye njia waliyoizoea, macho hukauka. Mzee anayeona vizuri gizani lakini amesahau jina la mkwe wake ana shida nyingine.

Sasa, muuzaji aliyesoma kidogo atakwambia kwamba watu wenye ugonjwa wa Alzheimer wamepimwa damu na kukutwa na vitamini A na karotini kidogo kuliko wenzao. Ni kweli, tafiti kadhaa zimeona hivyo. Swali ni kipi kilitangulia. Mtu aliyeanza kupoteza kumbukumbu husahau kula, hupoteza hamu ya chakula, huchoka kutafuna, na akiishi peke yake huishia kwenye chai na mkate. Tena mwili ukiwa na maambukizi, kiwango cha vitamini A kwenye damu hushuka hata kama ini limejaa. Damu ya mgonjwa inatueleza anavyoishi baada ya kuugua, wala haitoshi kutueleza kilichomfanya augue.

Ipo vitamini ambayo kweli inastahili kushukiwa mzee akianza kusahau, nayo ni B12. Umri ukisogea, tumbo hutoa asidi kidogo, na bila asidi hiyo B12 iliyomo kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa haitolewi ipasavyo. Mgonjwa wa kisukari anayemeza metformini kwa miaka mingi yuko kwenye hatari zaidi, na vivyo hivyo anayetumia omeprazoli muda mrefu kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Upungufu wa B12 huleta usahaulifu, ganzi za miguu na kuyumba, na ukigunduliwa mapema hutibika kwa sindano au vidonge. Nashangaa kwamba hii haimo kwenye mikoba ya wauzaji wengi. Labda kwa sababu inahitaji kipimo na daktari, siyo kipeperushi.

"Matone ya kliniki yameokoa watoto, basi na bibi yatamfaa"

Uongo, ingawa ninaelewa ulikotoka.

Sifa ya vitamini A kwa watoto haikuzuka. Mwaka 1986 Alfred Sommer na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika vijijini Aceh, Indonesia, lililoonyesha kuwa watoto waliopewa vitamini A walikufa kwa kiasi kidogo kuliko wasiopewa. Mwaka uliofuata yalitoka matokeo ya jaribio dogo la hapa hapa Tanzania, katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili. Kati ya 92 waliopata matibabu ya kawaida peke yake walikufa 12. Kati ya 88 walioongezewa vitamini A walikufa 6. Tofauti ilionekana zaidi kwa wenye umri chini ya miaka miwili. Kazi kama hizo ndizo zilizozaa utaratibu tunaoujua leo: mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa vizio vya kimataifa (IU) 100,000, na wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano IU 200,000, kila baada ya miezi sita.

Watoto hao walikuwa wamepungukiwa, wanakua kwa kasi, na surua huifyonza akiba yao ndogo ndani ya siku chache. Mzee hakui, na ghala lake limejazwa kwa miongo. Linganisha pia vipimo. IU 200,000 ni sawa na mikrogramu 60,000, mara 20 ya kiwango cha juu ambacho mtu mzima hashauriwi kukivuka kwa siku. Hospitali humpa mtu mzima dozi kama hiyo akiwa na ukavu wa macho uliotokana na upungufu, kwa hesabu maalumu na chini ya uangalizi. Mtu aliyeamini kwamba dawa inafufua kumbukumbu haishii dozi moja, na hapo ndipo penye hatari.

Kuna familia zinazomwomba nesi "tone moja na bibi naye". Nesi akikataa, hana roho mbaya.

"Utafiti umethibitisha kwamba beta-karotini hulinda kumbukumbu"

Nusu kweli. Beta-karotini ni rangi ya chungwa iliyomo kwenye karoti, maboga, papai, maembe na hata ndani ya mboga za kijani, ambako kijani kimeifunika. Mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji.

Utafiti anaoutaja muuzaji upo, na ni mzuri. Ni ule wa madaktari wanaume wa Marekani, ulioanza mwaka 1982, ambao baadhi yao walimeza miligramu 50 za beta-karotini siku moja na kupumzika inayofuata, huku wengine wakimeza vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya kumbukumbu yalichapishwa mwaka 2007. Waliomeza kwa wastani wa miaka 18 walipata alama za juu kidogo kwenye vipimo vya kufikiri na kukumbuka. Waliomeza kwa mwaka mmoja hawakuwa na tofauti yoyote na wenzao. Kumbuka pia hao walikuwa madaktari, watu wenye elimu, kipato na afya kuliko wazee wengi duniani, na nafuu yenyewe ilikuwa ndogo.

Kipeperushi hakitaji utafiti mwingine uliofuata miaka miwili baadaye. Wanawake wa Marekani wenye miaka 65 na zaidi, waliokuwa na maradhi ya moyo au vihatarishi vyake, walipewa beta-karotini kwa dozi ile ile, pamoja na vitamini C na E kwa mipangilio tofauti. Beta-karotini haikupunguza kasi ya kuporomoka kwa kumbukumbu zao. Na jaribio kubwa la wagonjwa wa macho huko huko Marekani, lililotumia mchanganyiko wenye beta-karotini, vitamini C na E na zinki, halikuona faida kwa ubongo.

Jambo lililoiharibia jina beta-karotini ya vidonge, hata hivyo, halikutokea kwenye ubongo. Lilitokea kwenye mapafu. Ufini iliwafuatilia wanaume 29,133 wavuta sigara, wa miaka 50 hadi 69. Waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Matokeo yalitoka mwaka 1994, na watu wengi hawakuamini, kwa kuwa lengo lilikuwa kuizuia saratani hiyo hiyo. Kisha jaribio la Marekani, lililochanganya beta-karotini na vitamini A kwa wavutaji, waliowahi kuvuta na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto, likaona ongezeko la asilimia 28. Januari 1996 lilisimamishwa, miezi 21 kabla ya wakati wake. Kwa hiyo babu anayevuta sigara, au aliyeacha baada ya kuvuta kwa miaka mingi, asimeze vidonge vya beta-karotini kwa ahadi yoyote ile. Karoti za sokoni hazina tatizo hilo.

Vipi kuhusu vidonge vya multivitamini? Jaribio la Marekani liitwalo COSMOS lilitoa mwaka 2022 na 2023 matokeo yanayoonyesha nafuu ndogo ya kumbukumbu kwa wazee waliomeza multivitamini kila siku. Jaribio la awali kwa wale madaktari wanaume, la miaka 12, halikuona kitu. Ndani ya kidonge hicho mna virutubisho zaidi ya ishirini, na hakuna anayeweza kusema A ndiyo iliyofanya kazi. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 haupendekezi vidonge vya mchanganyiko wa virutubisho kwa ajili ya kuzuia kupotea kwa kumbukumbu.

"Ni vitamini tu, ikizidi itatoka na mkojo"

Uongo. Kati ya yote, huu ndio ningetaka uufute kichwani leo.

Vitamini C hutoka na mkojo. Vitamini A huyeyuka kwenye mafuta, hivyo figo haziwezi kuimwaga. Inakwenda kwenye ini na kukaa. Ghala likifurika, inaanza kuzunguka kwenye damu kwa umbo linaloumiza seli.

Januari 1913, mwaka ule ule McCollum na Davis walipotoa ugunduzi wao, Xavier Mertz wa Uswisi alikufa kwenye barafu ya Antaktika. Yeye na kiongozi wa msafara, Douglas Mawson, walipoteza chakula na ikabidi wale mbwa waliokuwa wakivuta mikokoteni yao ya theluji, pamoja na maini yao. Mertz alichubuka ngozi, akaharisha, akachanganyikiwa, akaanza kupata degedege. Mwaka 1969 madaktari wa Australia walipendekeza kwamba kilichomuua ni vitamini A iliyojaa kwenye maini ya mbwa wale. Wapo wanaopinga na kusema njaa na baridi vilitosha, lakini dalili alizoonyesha zinafanana na za mtu aliyezidishiwa.

Mzee wa leo hatakula ini la mbwa. Atameza kidonge cha "macho", kingine cha "ubongo" na kijiko cha kodliva asubuhi, vyote vitatu vikiwa na vitamini A, kila kimoja kimenunuliwa na mtoto tofauti. Hesabu haifanywi na yeyote. Baada ya miezi, shinikizo ndani ya fuvu linaweza kupanda, na zinafuata dalili ambazo nyumbani huitwa uzee: kichwa kuuma kila siku, kichefuchefu, kuona ukungu, kukasirika upesi. Nywele hupungua na ngozi hukauka. Ini nalo huanza kuharibika, haraka zaidi kwa mnywa pombe.

Kisha ipo mifupa. Uchunguzi uliofuatilia wauguzi wa kike wa Marekani 72,337 waliokwisha koma hedhi, uliochapishwa mwaka 2002, uliona kuvunjika nyonga kulikuwa kwingi zaidi kwa waliokuwa wakipata mikrogramu 2,000 au zaidi za retinoli kwa siku. Retinoli ni vitamini A iliyo tayari, ile ya maini na ya vidonge vingi. Tafiti nyingine hazikukubaliana zote na huo, lakini kwa mzee tahadhari haina gharama: nyonga ikivunjika, wengi hawarudi kwenye hali yao ya zamani, na kulala kitandani muda mrefu huweza kudhoofisha akili pia.

Jinsi ya kusoma chupa: kiwango cha juu kwa mtu mzima ni mikrogramu 3,000 za vitamini A iliyo tayari kwa siku, ambazo kwenye lebo huandikwa IU 10,000. Jumlisha chupa zote. Kumbuka pia kwamba kipande cha gramu 85 cha maini ya ng'ombe kina zaidi ya mikrogramu 6,500. Maini mara moja kwa wiki ni chakula kizuri, tena yana B12 tele. Maini kila siku kwa sababu "yanaongeza damu na akili" ni kitu kingine. Mafuta ya kodliva nayo si sawa na mafuta ya kawaida ya samaki yanayouzwa kwa ajili ya omega-3. Ya kwanza hukamuliwa kwenye ini na yamejaa vitamini A, ya pili hutoka kwenye minofu na kwa kawaida hayana nyingi.

"Mboga za majani ni bora kuliko vidonge"

Kweli, lakini sababu inayotolewa siyo.

Mjini Chicago watafiti waliwafuatilia watu 960, wengi wao wakiwa na miaka themanini hivi, wakiwauliza wanachokula na kuwapima kumbukumbu. Waliokula mboga za majani kila siku, kwa ripoti ya mwaka 2018, walikuwa na kasi ndogo ya kuporomoka; tofauti yao na wasiokula ililingana na kuwa na umri mdogo kwa miaka 11. Watafiti wakapekua kirutubisho kimoja kimoja kilichomo kwenye majani hayo. Luteini ilionekana kuhusika, vitamini K ikahusika, foleti pia. Iliyokosa uhusiano ilikuwa beta-karotini.

Nisiwe muuzaji wa mchicha. Huo ulikuwa uchunguzi, na walaji wa mboga huwa na mazoea mengine mazuri. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani lililowapangia watu 604 ama mlo uliotiliwa mkazo majani, njugu, matunda jamii ya beri na samaki, ama mlo wao wa kawaida, makundi yote yakipunguziwa kalori kiasi. Baada ya miaka mitatu makundi hayo mawili hayakutofautiana sana. Hata hivyo mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde na sukuma wiki humpa mzee foleti, madini na nyuzinyuzi, na beta-karotini yake haina hatari ya kumzidi: ikizidi sana, viganja huwa vya manjano, basi.

Usimpikie bila mafuta kabisa kwa hofu ya presha. Kijiko cha mafuta, karanga zilizosagwa au tui la nazi ndivyo vinavyoiwezesha karotini kupita kwenye utumbo. Watu wa Kigoma, Burundi na Kongo wana mawese mekundu, mojawapo ya vyakula vyenye karotini nyingi kuliko vyote, ila ukiyachoma mpaka yageuke meupe, nyekundu iliyopotea ndiyo vitamini iliyopotea. Viazi lishe navyo vimeenea vya kutosha. Robert Mwanga wa Uganda alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na kazi yake ilikuwa kuzalisha mbegu za viazi hivyo. Ni laini, na mzee asiye na meno anavimudu.

"Karoti zitamponya macho, na macho mazuri ni akili nzuri"

Nusu ya kwanza uongo, nusu ya pili ina ukweli mwingi kuliko wengi wanavyodhani. Macho ya wazee wetu hufifia zaidi kwa mtoto wa jicho, presha ya macho na kuhitaji miwani, na karoti haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Lakini mzee asiyeona hukaa ndani, haongei na watu, hasomi, na ubongo hukosa kazi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2022 uliona kwamba wazee waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipata demenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili, kwa takriban asilimia 30 chini ya wale ambao hawakufanyiwa. Hakuna kidonge cha vitamini A kinachokaribia takwimu hiyo.

"Dawa ya Alzheimer imeshapatikana, imetokana na vitamini A"

Si kweli. Mwaka 2012 watafiti wa Cleveland, Marekani, waliwapa panya beksarotini, dawa ya saratani ya ngozi inayofuata njia zile zile za vitamini A ndani ya seli, wakaripoti kwamba uchafu wa protini unaohusishwa na Alzheimer ulipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya siku tatu. Habari ilienea duniani kote. Mwaka uliofuata maabara kadhaa zilirudia jaribio hilo zikakosa matokeo hayo. Walipojaribiwa wagonjwa 20 kwa mwezi mmoja, kundi kwa ujumla halikupungukiwa na uchafu huo, na mafuta kwenye damu yao yalipanda. Habari ya kwanza bado inasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Ya pili haisambazwi.

"Ni uzee tu, hakuna la kufanya"

Uongo, na huu hausemwi na wauzaji peke yao. Tunausema nyumbani.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 walichunguzwa wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Baada ya kurekebisha hesabu za umri, waliokutwa na demenshia walikuwa asilimia 6.4. Zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuwa nayo. Wapo pia wasiosema uzee bali uchawi: kwingineko nchini, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, macho mekundu yakihesabiwa kuwa ushahidi, ilhali wekundu huo ni wa moshi wa jiko. Moshi wenyewe, kwa jina la uchafuzi wa hewa, umo kwenye orodha ya mambo 14 ambayo jopo la jarida la Lancet lilisema mwaka 2024 kwamba yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa vya demenshia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mengine ni presha, kisukari, kolesteroli, uziwi, kutoona, sonona, upweke, kutofanya mazoezi, unene, sigara, pombe, majeraha ya kichwa na kukosa elimu. Vitamini A haimo.

Mzazi wako akianza kuuliza swali lile lile mara tatu kwa asubuhi moja, mpeleke kituo cha afya. Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za kienyeji na chupa za virutubisho. Omba apimwe presha, sukari, damu na tezi ya thairoidi, na B12 pale kipimo kinapopatikana. Aangaliwe macho na masikio pia. Na kama dozi ya siku ya chupa hizo kwa jumla inavuka IU 10,000 za vitamini A, mwonyeshe daktari hizo kwanza.